Kutembea na Mungu wakati siku imejaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa Wakristo wanaosali kwa Kiswahili hapa Uganda: wachuuzi wa Owino na Kikuubo, madereva wa malori wanaolala kwenye foleni Malaba na Busia, askari wa zamu, wauguzi, wanafunzi wa vyuo, akina mama wenye watoto wadogo. Wamo Wakatoliki, Waanglikana, walokole na Wasabato. Penye tofauti tumeitaja.

Sina hata dakika kumi za kwangu. Nianzie wapi?

Anza kwa kuhesabu muda, kama mwenye duka anavyohesabu mali. Kwa siku tatu, mbili za kazi na moja ya mwisho wa wiki, andika nyuma ya daftari saa uliyoamka, saa uliyoshika simu mara ya kwanza, muda uliokaa ndani ya takisi, muda uliosubiri wateja, na saa uliyolala. Usirekebishe kitu bado. Siku ya nne soma ulichoandika. Karibu kila mara yataonekana mapengo mawili: zile dakika za simu kabla hujatoka kitandani, na zile za kusubiri, iwe ni takisi ijae abiria wake 14, maji yachemke, au mwenye stoo aje kufungua.

Chagua pengo moja tu, ulitengee dakika 12. Mbili za kunyamaza, tano za kusoma, tano za kusali. Kwenye mbili za kwanza usiombe kitu. Kaa, pumua taratibu, mwambie Mungu kwamba upo. Kwenye kusoma, chukua aya 8 hadi 12, uzipitie mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya chini. Kwenye kusali, anzia kwenye ulichosoma, kisha itaje siku yenyewe kwa majina yake: mwenye nyumba anayedai kodi, mtihani wa mtoto, mzigo uliokwama mpakani. Dakika 12 kwa siku ni saa 6 kwa mwezi.

Pengo zuri kuliko yote ni lile lililofungwa kwenye kazi ambayo huwezi kuikosa. Chukua sigiri. Ukishapepea mkaa ukashika, ukabandika sufuria ya chai, huna la kufanya mpaka maji yachemke. Kigoda kipo, na Biblia iko juu ya kabati la vyombo, haiko ndani ya begi la Jumapili. Maji yakianza kuimba, wewe umeshafika kwenye kusali. (Sigiri ikae nje au kibarazani. Hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua, hata mtu akiwa katikati ya maombi.) Mahali inapokaa Biblia si jambo dogo. Biblia nzima ya Kiganda ilipotoka mwaka 1896, ilichapwa nene lakini ndogo ya umbo ili ienee ndani ya kopo la biskuti, mchwa wasiifikie. Walijua itakaa wapi kabla haijafika.

Kinachoharibu mwanzo ni kuanza na saa nzima. Mtu ametoka kwenye mkutano wa injili, moyo unawaka, anaweka alamu saa 9 usiku. Siku ya nne anasinzia kwenye kaunta, siku ya sita ameacha, na anajihukumu kwamba yeye si mtu wa maombi. Ratiba ndiyo iliyomshinda. Kaa kwenye dakika 12 kwa wiki 6 kamili, halafu ongeza 5.

Ni bora asubuhi au usiku?

Yesu aliamka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipokuwa na watu (Marko 1:35). Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku (Danieli 6:10). Isaka alitoka kutafakari kondeni wakati wa jioni (Mwanzo 24:63). Hakuna saa moja iliyobarikiwa kuliko nyingine.

Hata hivyo tunashauri asubuhi, kwa sababu ya kawaida kabisa: saa nyingine zote zina wadai wake. Uganda imekaa juu ya ikweta, jua linachomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo mwili ukishazoea kuamka na mwanga wa kwanza, hauhitaji tena kengele. Lakini saa 11 na nusu alfajiri hununuliwa jana yake. Aliyelala saa 7 usiku baada ya mechi ya Ulaya hana asubuhi ya kumpa Mungu. Siku hiyo ahamishie saa yake mchana bila kujilaumu. Na ukichagua usiku, usisali umelala chali. Godoro lina nguvu kuliko nia njema.

Nisome wapi? Nimeanza Mwanzo mara nyingi na sijawahi kumaliza.

Tatizo lina hesabu yake. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukisoma sura 3 kila siku na 5 Jumapili, unapata 23 kwa wiki, na mwaka unaitosha Biblia nzima. Mpango ni mzuri, ila Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40. Kwa mwendo huo, mwisho wa Januari unaingia Mambo ya Walawi: mafuta ya figo, upele, ukungu wa kuta za nyumba, sura 27. Shule nazo zinafungua, karo inadaiwa, na hapo ndipo alama ya kurasa inapobaki mpaka Desemba. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, kwa hiyo safari ni ndefu zaidi.

Kwa mtu mwenye siku iliyojaa tunapendekeza mpango mwingine. Agano Jipya lina sura 260. Sura moja kila siku ya kazi, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 52, ni 260 barabara. Jumamosi na Jumapili zinabaki za kufidia siku uliyokosa, na utaikosa. Anza na Marko, Wafilipi na Yakobo. Zote pamoja ni sura 25, yaani wiki tano. Utakuwa umemwona Yesu akitenda, umesikia mfungwa akifurahi, na umeonywa kuhusu ulimi. Kisha Yohana, Matendo, Luka, nyaraka za Paulo, Waebrania. Ufunuo uje mwisho, ukiwa na mtu wa kumuuliza.

Zaburi zisubiri kando kwa ajili ya usiku, moja moja. Ziko 150, na nyingine ni za hasira na malalamiko, kitu ambacho watu wengi hawajui kwamba kinaruhusiwa. Zaburi 119 usiisome kwa mkupuo. Ina aya 176 katika mafungu 22 ya aya nane nane. Fungu moja kwa usiku linatosha.

Mkatoliki na Mwanglikana wana njia fupi zaidi, kwani kanisa limekwisha kuwapangia masomo. Kwa Wakatoliki masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na ya siku za kawaida kwa miaka miwili. Ukiyafuata, unasoma kile kile kinachosomwa Rubaga, Gulu na Arua siku hiyo, na mahubiri ya Jumapili hayakukuti mtupu.

Kuhusu tafsiri: Union Version ya mwaka 1952 ina mdundo wa kukaririka, ila ina maneno kama "mretemu" yatakayokusimamisha. Habari Njema inaeleweka haraka. Elewa kwa Habari Njema, kariri kwa Union.

Nikifunga Biblia nimesahau kila kitu.

Kwa sababu jicho limepita na mkono haukufanya kitu. Nunua daftari la kurasa 96. Kila siku andika mistari mitatu tu: aya, neno lililokushika, jibu lako. Ukurasa mmoja unabeba siku nne, kwa hiyo daftari moja linavuka mwaka.

Tuonyeshe kwa Marko 4:35-41, ile dhoruba ziwani. Aliyeishi Ggaba au Masese anajua upepo wa ziwa unavyogeuka ghafla jioni. Soma mara ya kwanza upate habari. Mara ya pili angalia kitu kimoja kidogo: Yesu yuko shetri, yaani nyuma ya mashua, amelala juu ya mto. Mashua inajaa maji na yeye ana mto kichwani. Sasa andika. *Mk 4:38. Amelala. Bwana, leo nami nitalala bila kuangalia salio mara ya tatu.* Hiyo ni sala nzima, na mchana mteja akichelewa kulipa, ule mto utakurudia kichwani bila kuutafuta.

Jibu liwe jambo linalofanyika kabla jua halijazama. "Nitakuwa mtu mwema" halipimiki. "Nitamrudishia jirani ndoo yake" linapimika. Mwisho wa wiki chagua aya moja kati ya tano, iandike kwenye kikaratasi, iweke unapopatazama mara nyingi: ndani ya droo ya pesa, kwenye tangi la bodaboda, juu ya sinki.

Je, sala ya kwenye takisi au bodaboda ni sala kweli?

Ni sala. Mfalme alimuuliza Nehemia anataka nini, naye akamwomba Mungu wa mbinguni kabla hajajibu (Nehemia 2:4). Haikuzidi pumzi moja. Ila Nehemia huyo huyo alikuwa ameshakaa siku nyingi akifunga na kulia katika sura ya kwanza. Sala fupi ilikuwa na kisima cha kuchotea.

Kwa abiria: jamu ya Jinja Road ni chumba cha maombi kilicholipiwa nauli. Ukisomea kwenye simu, kaa mbali na dirisha au funga kioo, maana wanyakuzi hawajali uko sura ya ngapi. Kusikiliza ni salama zaidi. Pakua Biblia ya sauti ukiwa penye intaneti nafuu, simu ibaki mfukoni. Injili ya Marko yote husikilizwa kwa muda wa saa moja na nusu hadi mbili, safari chache tu za kwenda na kurudi Mukono.

Kwa mwendesha bodaboda: usivae spika za masikioni barabarani na usijaribu kutafakari kwenye mzunguko wa magari. Stegi, kituo unaposubiri abiria, ndiyo mahali pako. Kati ya abiria na abiria rudia sala moja fupi. Waorthodoksi, ambao kanisa lao kuu liko Namungoona, wana ile ya zamani: *Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi.* Nusu ukivuta pumzi, nusu ukiitoa. Wakatoliki wana sala ya Malaika wa Bwana saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni. Haimalizi dakika tatu, na rozari ya makumi matano inaenea kwenye dakika 20. Mlokole asiyezoea sala zilizoandikwa anaweza kutumia mstari wa Zaburi vivyo hivyo.

Dereva wa lori aliyekwama mpakani ana kitu ambacho wengine hawana, yaani saa nyingi mfululizo. Zisiishie zote kwenye karata. Nyaraka fupi zisomwe kwa kikao kimoja kama barua: Wafilipi yote haizidi dakika 20.

Nafanya zamu za usiku. Asubuhi yangu ni ipi?

Asubuhi yako ni unapoamka, hata kama ni saa 9 mchana. Hesabu siku kutoka hapo na uache kujilinganisha na majirani. Usiweke ibada mwisho wa zamu. Utapata usingizi tu. Askari wa lindo ana Zaburi ya kazi yake, ya 130, aya ya 6, inayotaja walinzi wanaoingoja asubuhi, na Zaburi 134 ina aya tatu tu, imeandikiwa waliosimama usiku nyumbani mwa Bwana. Muuguzi anaweza kumtaja mgonjwa mmoja kwa Mungu kila anaponawa mikono. Kwa zamu moja hiyo ni mara nyingi sana.

Tunaishi sita ndani ya muzigo mmoja, yaani chumba kimoja cha kupanga. Faragha nitaitoa wapi?

Chumba cha ndani cha Mathayo 6:6 hakihitaji mlango. Kubalianeni nyumbani juu ya ishara moja: kiti kikigeuzwa ukutani, au leso ikifunikwa kichwani, mtu huyo hasemeshwi mpaka maji yachemke. Watoto hushika sheria hii upesi kuliko watu wazima. Wengine hutumia safari ya kwenda kuchota maji. Makanisa mengi ya parokia huwa wazi mchana, na benchi la nyuma saa 7 halina msongamano. Kutembea nako ni kusali: wanaokwenda Namugongo kwa miguu kwa ajili ya tarehe 3 Juni, baadhi yao kwa siku kadhaa, hawakai chumbani.

Sala ya familia ni jambo jingine, nayo iwe fupi. Baada ya chakula, kabla vyombo havijaondolewa, mtoto mmoja asome aya tano, kila mtu ataje jambo moja la shukrani na moja la kuomba, mfunge kwa Baba Yetu. Dakika 10. Baba akianza kuhubiri zikafika 30, kesho yake kila mtoto ana kazi ya shule ya ghafla.

Nina mtoto mchanga.

Sali unaponyonyesha, lala anapolala. Mungu anayajua mahesabu ya usiku wako. Usijiwekee ratiba yoyote kabla mtoto hajaanza kulala saa nne au tano mfululizo.

Nikianza kusali, akili inaenda sokoni.

Weka kikaratasi pembeni. Likija la umeme, andika "umeme", likija la karo, andika "karo", kisha rudi. Akili hurudia jambo kwa kuogopa kulisahau, na likishaandikwa hutulia. Mengine yakirudi hata baada ya kuandikwa, hayo ndiyo ya kuombea siku hiyo. Sali kwa sauti, hata ya kunong'ona. Kaa wima au simama. Kama ni usingizi, dawa yake ni usingizi: Eliya alipochoka hata akaomba kufa, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, na mazungumzo yakaja baadaye (1 Wafalme 19).

Simu isiwe karibu. Ukiweza tumia Biblia ya karatasi, kwa sababu programu ya Biblia inakaa mlango mmoja na WhatsApp. Na kusambaza picha ya maua yenye aya kwa vikundi kumi asubuhi ni salamu tu, hata kama ni salamu nzuri.

Kila Ijumaa niko kesha, Jumatano niko ibada ya mchana mjini, Jumamosi kwaya. Mbona najihisi mtupu?

Hili tunalisema wazi, ingawa viongozi wengine hawatalipenda: shughuli za kanisa zinaweza kuwa ubize kama ubize mwingine wowote. Martha alikuwa akimhudumia Yesu mwenyewe, nyumbani kwake, na bado aliambiwa anahangaika kwa vitu vingi (Luka 10:41). Mitume waliporudi wakiwa wamefanya kazi nzuri, hawana nafasi hata ya kula, Yesu aliwaita kando wapumzike kidogo (Marko 6:31).

Kesha lina nafasi yake. Ila kwa mtu anayefanya kazi Jumamosi, kesha la kila wiki humla siku mbili: ile ya kusinzia na ile ya kufidia. Sala ya kila siku ndiyo hufa kwanza. Tena kwenye kesha kuna spika, kinanda na umati vinavyokubeba. Ukizoea kubebwa, chumba chenye ukimya kinaonekana hakina Mungu. Jaribu hivi kwa miezi miwili: kesha moja kwa mwezi, huduma moja kanisani badala ya tatu, na zile dakika 12 zisiguswe. Mwambie kiongozi wako mapema na umpe tarehe ya mwisho, asidhani umeasi.

Zaidi ya hapo, pakisemwa kwamba ukaribu na Mungu hupimwa kwa bahasha ya mbegu, yaani ya sadaka, unaruhusiwa kuondoka.

Nifunge vipi nikiwa na kazi ya nguvu?

Mara ya kwanza ruka mlo mmoja, wa mchana, siku isiyo na mizigo mizito. Kunywa maji kama kawaida. Ule muda wa kula uutumie kusali. Kufunga bila kusali ni njaa. Pesa ya chakula mpe mwenye shida, kama Isaya 58 inavyotaka. Jioni fungua kwa uji au ndizi, subiri nusu saa, ndipo ule posho na maharage. Anayefungulia sahani iliyojaa kilima hupata maumivu ya tumbo na humlaumu shetani bure. Baada ya miezi michache unaweza kufunga kutwa, kutoka chai mpaka jioni. Kavu, yaani bila maji, hatushauri kwa anayefanya kazi juani.

Wasifunge chakula: wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari, wenye vidonda vya tumbo, na kila anayemeza dawa kwa ratiba, ARV na za kifua kikuu zikiwemo. Dawa haiachwi kwa siku hata moja kwa sababu ya mfungo. Anayekuambia uiache ili uoneshe imani anakuhatarisha. Hao wafunge kitu kingine: simu kuanzia saa 1 jioni, soda, au mabishano ya siasa, ambayo kwa baadhi yetu ni magumu kuliko kukosa chakula.

Jumapili ndiyo siku yangu ya mauzo. Nifanyeje?

Pumziko huandaliwa jana yake. Mana ya siku ya sita ilikuwa maradufu (Kutoka 16), kwa hiyo Jumamosi mkaa ununuliwe, maharage yachemshwe, nguo zipigwe pasi. Wasabato wanalijua hili vizuri: Ijumaa yao ina kazi kuliko siku nyingine yoyote, na tungefaa tuige.

Anayekula kwa alichouza leo hatuwezi kumwambia afunge kibanda Jumapili zote kuanzia kesho. Aanze na Jumapili moja kwa mwezi, akiweka kando kidogo kila siku mpaka faida ya siku hiyo moja itimie kabla haijafika. Jumapili nyingine ahudhurie ibada ya kwanza, afungue baada yake, na afunge saa 10 jioni. Muda huo wa jioni usiwe wa mahesabu wala wa kupanga bei.

Nisali kwa lugha gani?

Ile unayoitumia ukiumia. Kama ukijikwaa unalia kwa Kiacholi, Mungu akusikie kwa Kiacholi. Kiswahili pia hakikuingia jana katika imani ya nchi hii. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877 na Wakatoliki mwaka 1879, na kabla Biblia ya Kiganda haijakamilika, wanafunzi wa kwanza walijifunza kwa maandiko ya Kiswahili. Waliitwa *abasomi*, wasomaji, na mpaka leo kwa Kiganda *okusoma* ni kusoma na pia ni kusali. Baadhi yao waliuawa mwaka 1886, kabla Ukristo haujatimiza miaka kumi nchini. Walikuwa vijana wa kazi ikulu, wakitumwa huku na huku mchana kutwa, na walisoma kwa vipande, mara nyingi kwa siri.

Nafanya yote haya lakini simhisi Mungu.

Kwanza angalia mwili: unalala saa ngapi, unakula nini, uliugua malaria lini. Pili angalia kama kuna jambo unalolijua na hutaki kulitaja mbele zake. Sala hukauka kuzunguka neno moja lisilosemwa. Kama yote mawili yako sawa, basi ni ukavu wa kawaida, na unawapata wote wanaosali kwa muda mrefu. Usiongeze sauti wala saa. Punguza maneno, shika saa ile ile, na sali Zaburi ya 13, inayouliza "hata lini?" mara nne katika aya mbili za kwanza.

Huzuni ikipita wiki mbili, ukakosa usingizi, hamu ya chakula na hamu ya kuishi, nenda kituo cha afya. Mwombe mchungaji au padri aombe nawe pia, lakini uende.

Nimeacha kwa wiki tatu. Nirudi vipi?

Usilipe deni. Usisome sura 15 zilizopita kwa siku moja. Fungua sura ya leo.

Nani anisaidie nisianguke tena?

Watu wawili wengine, jinsia moja na wewe. Uamsho wa walokole ulioenea Uganda kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulishikiliwa na vikundi vidogo vilivyokaa pamoja, wakasoma, wakakiri makosa kwa uwazi, wakaombeana, sawasawa na Yakobo 5:16. Kutaneni kila baada ya wiki mbili, saa moja, mahali pasipo na chakula cha kuandaliwa. Maswali ni matatu: ulisoma nini kilichokugusa, ulianguka wapi, tukuombee nini. Yanayosemwa yabaki hapo.

Vikundi hivi hufa kwa njia mbili zinazojulikana. Moja ni kukopeshana. Mara mtu akidaiwa, haji tena, kwa hiyo mambo ya akiba yapelekwe SACCO. Nyingine ni kumwombea asiyekuwepo kwa maelezo marefu kupita kiasi, ambayo kwa jina lake halisi ni umbea.

Nitajuaje kama uhusiano wangu na Mungu umekua?

Usihesabu machozi wala ndoto. Tunda la Wagalatia 5:22-23 linaonekana na walio karibu kabla hujaliona mwenyewe. Angalia unavyomjibu kondakta aliyebakiza shilingi mia tano zako. Angalia muda unaopita kati ya kukosa na kuomba radhi. Kama zamani ilikuwa wiki na sasa ni jioni ile ile, kuna kitu kimesogea. Angalia kama unaweza kukaa dakika mbili kimya bila kutafuta simu. Kisha, miezi mitatu tangu uanze, muulize mkeo, mumeo, mtoto mkubwa au mnayeishi naye chumba kimoja: "Umeona tofauti yoyote?" Muulize siku ambayo hamjagombana, na usimkatize akijibu.